Jiji la dhahabu na pumzi ya taka zilizofukiwa

Alfajiri ya tarehe 31 Agosti mwaka 2023, jina la Marshalltown lilifika kwa mara ya kwanza masikioni mwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili. Jengo la ghorofa 5 katika Barabara ya Albert, katikati ya Johannesburg, liliteketea kwa moto, na watu zaidi ya 70 walipoteza maisha, wakiwemo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Mwaka uliofuata, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ilieleza kwamba jiji, ambalo ndilo lililokuwa mmiliki wa jengo hilo, lilikuwa likiifahamu hali yake mbaya tangu angalau mwaka 2019, lakini halikuchukua hatua zilizostahili.

Moto ule haukutokana na gesi ya ardhini. Hata hivyo, uliacha swali ambalo haliishii kwenye moto: mji hufanya nini na hatari ambayo tayari imo katika mafaili yake? Katika Marshalltown swali hilo lina umri sawa na mtaa wenyewe, na linashuka hadi chini ya misingi ya nyumba, kwenye mashimo ya migodi na taka za zaidi ya miaka 100.

Wahandisi wanaokabidhiwa ardhi ya namna hiyo wana chombo kimoja kisichovutia macho. Ni bomba jembamba la plastiki lenye matundu ubavuni, linaloshushwa katika shimo lililochimbwa kwa keekee. Kazi yake ni kuvuta hewa iliyomo kati ya chembechembe za udongo, ili ipimwe na ijulikane imebeba gesi gani. Bomba ni la bei nafuu. Kazi ngumu ni kuamua lisimikwe wapi, na uamuzi huo hutegemea historia kuliko utegemeavyo mitambo.

Mtaa uliozaliwa na dhahabu

Mwezi Septemba mwaka 1886, serikali ya jamhuri ya Makaburu ya Transvaal ilitangaza mashamba ya Witwatersrand kuwa machimbo ya umma. Henry Brown Marshall, mfanyabiashara mwenye asili ya Scotland, aliwahi kupima viwanja karibu kabisa na mwamba wenye dhahabu, na mtaa ukachukua jina lake. Katika karne ya 20, Marshalltown ikawa makao ya wakuu wa migodi. Kampuni ya Anglo American ilijenga ofisi zake katika namba 44 ya Barabara ya Main, na chama cha wamiliki wa migodi kikawa jirani. Maamuzi yaliyowaleta chini ya ardhi maelfu ya vibarua kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi na kwingineko yalifanywa katika barabara hizo chache.

Dhahabu ya Witwatersrand ni nyingi, lakini imetawanyika mno. Tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu, na kilichobaki ni taka. Tangu mwaka 1890, njia ya kutenganisha dhahabu kwa kemikali ya sayanaidi iliwezesha mwamba uliosagwa mithili ya unga kutoa dhahabu ambayo zamani ingepotea. Unga huo ulirundikwa kusini mwa mtaa hadi ukawa milima ya rangi ya manjano. Juu ya mmoja wa milima hiyo, uliojulikana kwa jina la Top Star, palikuwa na sinema iliyotazamwa na watu wakiwa ndani ya magari yao. Sinema ilifungwa mwaka 2006, na mlima wenyewe ukaja kuchotwa na kuoshwa upya, kutafuta dhahabu iliyowaponyoka wazee.

Nchi inayogeuzwa hivyo husahau haraka. Mwaka 1986, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa makao makuu ya Standard Bank katika Barabara ya Simmonds walikuta pango la mgodi wa Ferreira, lililochimbwa katika miaka ya kwanza ya dhahabu na kisha kutoweka katika kumbukumbu. Pango hilo limehifadhiwa katika ghorofa ya chini ya benki kama jumba dogo la makumbusho. Kwa wageni ni kivutio. Kwa mtu anayepanga kupima gesi, ni onyo. Ikiwa pango zima liliweza kusahauliwa hatua chache tu kutoka kwenye ofisi za watu walioishi kwa kuchora ramani za migodi, basi hapana ramani inayopaswa kuaminiwa peke yake.

Jaa hupumua

Pamoja na taka za migodi zilikuwapo taka za nyumbani. Katika mji wowote wa machimbo, shimo lililoachwa na mchimbaji huwa jaa lisilo na gharama. Kilomita chache kusini mwa Marshalltown, katika eneo la Turffontein, jaa kubwa la Robinson Deep limepokea taka za jiji tangu miaka ya 1930. Hata jina lake si la jaa. Ni la mgodi uliokuwa hapo, uliobeba jina la tajiri wa dhahabu Joseph Robinson.

Taka zilizofukiwa hazitulii. Kwanza vijidudu hutumia oksijeni iliyonaswa ndani ya lundo. Ikiisha, huja vijidudu vingine visivyohitaji oksijeni, navyo huoza mabaki ya chakula, karatasi na majani kwa miaka mingi, hata miongo, baada ya lori la mwisho kuondoka. Gesi inayotoka huwa takriban nusu methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ya ukaa. Methani haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja hutosha kuilipua. Hewa ya ukaa hailipuki, lakini hujikusanya mabondeni na katika vyumba vya chini, na inaweza kumnyima mtu pumzi.

Gesi hiyo hufuata njia rahisi. Juu pakiwa wazi, hupanda na kutawanyika angani. Pakifunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, lami au zege, au mvua ikiuloanisha udongo wa juu, huenda ubavuni kupitia nyufa za miamba, mitaro ya mabomba ya maji na nyaya, na mahandaki ya kale. Kanieneo ya hewa inaposhuka ghafla, kama inavyotokea kabla ya dhoruba, ardhi huachia gesi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba jaa hupumua.

Johannesburg ilianza kuitumia pumzi hiyo mwaka 2011, mitambo ya kukusanya na kuchoma gesi ilipowashwa Robinson Deep. Baadaye gesi hiyo ikazalisha umeme. Lakini hapo ni jaa linalojulikana, lenye uzio, lango na mizani. Shida iko kwenye lile ambalo limekwisha kufunikwa na kusahauliwa.

Jiji hilo lilipata kuonja uzito wa kutojua. Jioni ya tarehe 19 Julai mwaka 2023, wakati watu wakirejea makwao, mlipuko wa gesi uliipasua Barabara ya Lilian Ngoyi, kaskazini kidogo ya Marshalltown, ukapindua magari, ukaua mtu mmoja na kujeruhi makumi ya wengine. Jambo la kwanza lililowashinda maofisa kulijibu siku ile lilikuwa swali rahisi: ni gesi gani, na imetoka wapi?

Somo la Winston-Salem na Loscoe

Elimu ya kupima gesi ya udongo haikuanzia vyuoni. Ilianzia kwenye misiba. Mwezi Septemba mwaka 1969, katika mji wa Winston-Salem nchini Marekani, methani kutoka kwenye jaa jirani ilipenya hadi ghorofa ya chini ya ghala la silaha la jeshi la akiba. Sigara iliyowashwa ilitosha. Watu 3 walikufa.

Miaka 17 baadaye, alfajiri ya tarehe 24 Machi mwaka 1986, nyumba moja katika kijiji cha Loscoe, jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, ilibomoka kwa mlipuko na watu 3 waliokuwamo wakajeruhiwa vibaya. Jaa lililosababisha lilikuwa machimbo ya zamani ya udongo wa matofali, yaliyojazwa taka na kufungwa mwaka 1982. Usiku ule kanieneo ya hewa ilishuka kwa kasi isiyo ya kawaida, na gesi ikasukumwa kupitia nyufa za miamba hadi chini ya sakafu.

Kilichowasumbua wachunguzi wa Loscoe ni kwamba dalili zilikuwapo mapema. Mimea ya bustani za jirani ilikuwa imenyauka, na udongo ulikuwa umepata joto lisilo na maelezo. Kwa kuwa nchi ile ina makaa ya mawe, ilikuwa rahisi kudhani kwamba chanzo ni makaa. Palikosekana mtu wa kuunganisha bustani iliyokufa na machimbo yaliyofukiwa.

Sheria zilifuata misiba hiyo. Marekani, kwa kanuni za mwaka 1991, iliamuru kwamba methani katika mpaka wa jaa isizidi asilimia 5, yaani pale inapoanza kuweza kulipuka. Na ndani ya majengo ya jaa isizidi robo ya kiwango hicho. Vipimo vichukuliwe walau kila baada ya miezi 3. Afrika Kusini nayo iliyataka majaa yawe na vibali kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1989, na mwaka 1994 Idara ya Maji na Misitu ikatoa masharti yake ya kwanza ya kitaifa kuhusu ujenzi na ukaguzi wa majaa, yaliyorekebishwa mwaka 1998. Sheria ya taka ya mwaka 2008 iliongeza sura kuhusu ardhi iliyochafuliwa, ambayo ilianza kutumika mwaka 2014. Hesabu ya miaka inajieleza yenyewe. Robinson Deep ilikuwa imepokea taka kwa zaidi ya nusu karne kabla kibali hakijawa sharti la kisheria.

Mahali pa kuchimba shimo

Mpangaji mwenye busara haanzi na keekee. Huanza mezani. Hukusanya ramani za zamani, michoro ya migodi, picha zilizopigwa kutoka ndegeni kwa miongo tofauti, vibali vya ujenzi na barua za malalamiko. Picha ya mwaka mmoja huonyesha shimo. Ya miaka 10 baadaye huonyesha uwanja tambarare. Kati ya picha hizo mbili kuna jambo lililofukiwa, na kazi ya mpangaji ni kulijua.

Kisha huuliza maswali matatu. Gesi yatoka wapi? Yaweza kupita wapi? Na nani yuko mwisho wa njia hiyo? Likikosekana jibu la swali mojawapo, mabomba yatasimikwa kwa kubahatisha.

Umbali kati ya bomba na bomba hutokana na majibu hayo. Kanuni za California huruhusu nafasi isiyozidi futi 1,000, yaani takriban mita 300, kwenye mpaka wa jaa. Lakini palipo na mwamba wenye nyufa na nyumba jirani, miongozo ya Uingereza huisogeza nafasi hiyo hadi mita 5 au 20. Kina nacho hufuata kina cha taka zenyewe: bomba fupi kuliko taka linaweza kupitwa na gesi chini yake. Mara nyingi mabomba kadhaa huwekwa kwa vina tofauti katika sehemu moja. Yale ya mpakani husimikwa katika ardhi ya asili, nje ya taka, kwa sababu swali lake si kama taka zina gesi. Swali lake ni kama gesi imetoka.

Usimikaji wenyewe unahitaji uangalifu. Kokoto safi humiminwa kuzunguka sehemu yenye matundu, na juu yake huwekwa udongo wa bentonaiti unaovimba ukipata maji na kuziba shimo, ili hewa ya juu isiingie na kudanganya kipimo. Kilele hufungwa kwa koki na mfuniko wa kufuli. Mpimaji husoma methani, hewa ya ukaa, oksijeni, kanieneo ya hewa na kina cha maji, na hurudi tena na tena. Kipimo kimoja siku ya hewa nzito na tulivu chaweza kuonyesha usalama ambao haupo. Siku inayofaa zaidi ni ile ambayo kanieneo inashuka, kama ilivyokuwa Loscoe.

Kanuni hizo zikihamishiwa kusini mwa Marshalltown, ugumu huongezeka. Bomba lililosimikwa katika mwamba mzima laweza kusoma sifuri, ilhali mita 10 kando yake handaki lisilo kwenye ramani linabeba gesi hadi chini ya jengo. Zaidi ya hayo, mwamba wa Witwatersrand una madini ya urani, na unga wake ulirundikwa pamoja na taka zake zote. Humo hutoka gesi ya radoni, yenye mnunurisho, ambayo hailipuki lakini huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kwa muda mrefu katika vyumba visivyopitisha hewa. Vyombo vinavyopima methani haviioni. Asiyejua kwamba kiwanja kilikuwa sehemu ya mgodi hatakumbuka kuitafuta.

Nani hukaa kando ya jaa

Historia ya Johannesburg inaonyesha pia kwamba taka na watu maskini mara nyingi hupangiwa mahali pamoja. Mwaka 1904, baada ya tauni kuzuka, manispaa ilichoma moto makazi ya Wahindi na Waafrika magharibi mwa katikati ya jiji. Wakazi walihamishiwa Klipspruit, mbali kusini-magharibi, karibu na shamba la maji machafu la manispaa. Huko ndiko zilikoanza hatua za kwanza za kile kinachojulikana leo kama Soweto.

Afrika Mashariki haina haki ya kuishangaa Johannesburg. Jijini Dar es Salaam, wakazi wa Tabata walivumilia kwa miaka moshi na uvundo wa dampo la jiji hadi walipokwenda Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa mwaka 1988 na Joseph Kessy na wenzake. Mahakama iliamuru dampo lifungwe. Halmashauri ikarudi kuomba muda zaidi, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akieleza mshangao wake kuona mamlaka ya umma ikiomba mahakama ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Jiji likajaribu Kunduchi, ambako wakazi nao walikwenda mahakamani. Baadaye likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na tangu mwaka 2007 Pugu Kinyamwezi.

Kila dampo lilipohama, liliacha nyuma lundo linalooza. Mtoni lilipata bahati ya pekee. Baada ya kufungwa, mabomba yalisimikwa humo na gesi yake ikaanza kuvutwa na kuchomwa, kupitia mpango wa kimataifa wa biashara ya hewa ukaa. Vingunguti na Tabata yalibaki maeneo ya mji, na mji unakua. Mtoto aliyezaliwa Tabata baada ya hukumu ile ni mtu mzima mwenye nyumba na watoto, na huenda hajui kiwanja chake kiko juu ya nini.

Kampala imelipa gharama ya namna nyingine. Jaa la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 na kupokea taka kupita uwezo wake, liliporomoka tarehe 10 Agosti mwaka 2024 na kufukia nyumba za jirani. Watu wasiopungua 35 walikufa. Kuporomoka si sawa na mlipuko, lakini chanzo cha misiba yote miwili ni kulichukulia jaa kuwa kitu kilichokwisha, ilhali linaendelea kubadilika ndani kwa ndani.

Wanaojua kabla ya kipimo

Katika visa hivi vyote kuna jambo moja linalojirudia. Kabla ya mtaalamu yeyote kufika na kipimo chake, walikuwapo watu waliokwisha kujua. Wenyeji wa Loscoe waliziona bustani zao zikifa. Watu wa Tabata walikuwa na macho, pua na vifua vya watoto wao. Kwa hiyo mpango wowote wa kupima gesi ya udongo unaoanza bila kuwauliza wakazi umeikosa kumbukumbu iliyo karibu kuliko zote.

Hapo ndipo Marshalltown inapoleta wasiwasi mkubwa zaidi. Sheria ya Afrika Kusini inaagiza kuwepo kwa daftari la taifa la ardhi iliyochafuliwa, na daftari hilo ni hatua njema. Lakini daftari hujazwa na habari, na habari huletwa na watu. Katika majengo mengi ya katikati ya Johannesburg, anayelala katika chumba cha chini kabisa, karibu na udongo kuliko wote, ni mhamiaji aliyetoka Tanga, Blantyre au Bukavu. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuumwa kichwa asubuhi bila sababu, au kuona mapovu yakitoka kwenye ufa wa sakafu baada ya mvua. Mara nyingi ndiye pia asiyethubutu kubisha mlango wa ofisi ya serikali, kwa kuwa hana karatasi.

Jengo lililoungua mwaka 2023 lilikuwa, wakati wa ubaguzi wa rangi, ofisi ya vibali ambako Waafrika walipanga foleni kuomba ruhusa ya kuwepo mjini. Zaidi ya nusu karne baadaye, waliokufa humo wengi walikuwa watu ambao mji ulikuwa haujui hata idadi yao. Kuwajua wao, na kuwasikiliza bila kuwatisha, ni sehemu ya kazi ya kupima ardhi, sawa na kuzisoma ramani za zamani na kuchagua siku ambayo kanieneo ya hewa inashuka.